Nyumba Iliyobeba Pikipiki

Malaba,
Jumapili, 2 Machi 2025

Baba,

Leo ni mwaka mmoja na miezi minne tangu nitoke nyumbani. Shikamoo. Umeamkaje huko, na joto la Maungu linakuacha ulale? Mimi mwili uko, ila mgongo umeanza kuniuliza maswali ambayo sina majibu yake.

Najua hutaki simu. Ulisema simu huingia nyumbani bila kubisha hodi. Basi barua hii inakuja na Dancan, yule dereva wa lori, kama ile ya mwezi uliopita. Kazi yangu ni ile ile. Lori likiharibika hapa mpakani, sisi tunahamisha shehena yake kwenda lori jingine: saruji leo, mahindi kesho, mitumba keshokutwa. Chumba nalala na Bwire, mtu wa Nangina, anakoroma lakini ana roho nzuri. Jina langu hapa hakuna anayelijua. Wananiita Mtaita.

Baba, mimi niliacha shule darasa la sita, sijui kuzunguka. Dancan alipokuletea barua ile nyingine alichukua boda kutoka barabara kuu hadi nyumbani kwa sababu nilimwomba akuone kwa macho. Anasema alikuta mlango umefungwa saa sita mchana na wewe ukamjibu kutoka ndani. Anasema Mghoi, yule msichana anayekuletea maji kwa pikipiki, alimwambia hujafika kliniki ya sukari tangu kabla ya Krismasi, na kwamba mguu uliobaki una kidonda.

Mguu wa kwanza ulianza hivyo hivyo. Kidonda, kisha ukasema kitapona, kisha wakaukata. Nipe ruhusa nije nikupeleke kliniki. Nitakubeba mimi mwenyewe, mgongo huu si kitu.

Mwanao


Maungu,
11 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kwamba mwili uko. Mgongo uufunge kitambaa kipana ukiwa kazini, na usilale chini ya lori kwenye unyevu.

Dancan ana macho mengi kwa mtu anayelipwa kutazama barabara.

Nitakujibu mara moja ili tusirudie. Siku niliyotoka hospitali baada ya kukatwa, wewe ulikuwa umeshaondoka. Walinibeba watu wanne kutoka barabarani, nimelazwa juu ya mlango wa bafu wa jirani kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine. Tulipita katikati ya soko. Watu wakanyamaza. Yule anayeuza kamba akavua kofia. Nilimwona. Mtu akivuliwa kofia akiwa bado anapumua, hana sababu ya kupita hapo tena.

Kliniki iko ng'ambo ya soko. Umeelewa.

Usije. Ukija utanibeba, na mimi ndiye niliyekubeba wewe ukiwa na surua, usiku na mchana. Sitaki kuona mambo yakigeuzwa. Afya yangu naijua, usiniandikie habari zake. Niandikie ya huko. Nimebaki na dirisha moja, nalo linatazama zizi la mbuzi, na mbuzi wamenichosha kwa mazungumzo.

Mimi baba yako


Malaba,
Jumapili, 6 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Huku mvua imeanza na matope yanafika kwenye vifundo. Huko mmeona hata wingu? Kidonda hukunijibu, nimeona, lakini umesema niandike ya huku. Nina jambo. Tangu Jumanne natafuta pa kulishikia, kama gunia lisilo na masikio.

Siku hiyo tulikuwa tunahamisha saruji karibu na gereji ya Egesa, yule anayechomelea vyuma kando ya barabara itokayo Busia. Kama saa nane tukasikia honi. Si za malori, hizo hatuzisikii tena. Zilikuwa za pikipiki, nyingi, zinalia pamoja na kunyamaza pamoja. Bwire akatua gunia akasema, "Hao ni wanaboda. Wamefiwa."

Huku, Baba, mwendesha boda akifa wenzake wa kila steji, yaani vituo vyao, humsindikiza. Hufunga matawi mabichi kwenye pikipiki, huwasha taa mchana, na pikipiki ya marehemu hupakiwa nyuma ya gari linalobeba mwili ili ifike naye kwao.

Basi likatokea gari. Sijui nikuambie gari au nyumba. Jeupe, refu kama lori, lakini lina madirisha yenye mapazia ya maua, lina mlango wa nyumba ubavuni, na juu ya paa lina tangi la maji na bomba la moshi wa jikoni. Taa zake za tahadhari zilikuwa zinawaka na kuzima. Lilikuwa linatambaa. Na mgongoni, juu ya chuma kilichotokeza nyuma, lilibeba pikipiki moja kubwa nyekundu, imefungwa kamba, imefunikwa matawi ya mkalitusi, kama mama aliyebeba mtoto akamkinga na jua. Nyuma yake barabara yote ilikuwa pikipiki. Sikuona mwisho wake.

Tukavua kofia. Aguti, anayetuuzia uji, akafunika sufuria akaanza kulia. Nilimuuliza baadaye kama alijua ni nani aliyekufa. Akaniambia, "Wewe Mtaita, kilio hakingojei jina."

Gari likaingia kwa Egesa, likazimwa. Okurut, mwenyekiti wa wanaboda wa Malaba, akaja mbio. Hakuwa na habari ya msiba wowote. Wenzake wa Busia walimpigia tu kwamba wanamletea mtu wake. Akamkabili yule aliyekuwa mbele ya msafara.

"Marehemu ni wa steji gani?"

"Si ni wenu?"

"Wetu nani? Wetu wote wako hapa wamesimama."

"Sisi tumempokea kwa watu wa Nambale. Walisema anaenda Malaba."

"Na hao wa Nambale walimtoa wapi?"

"Mwenyekiti, mtu hahojiwi hivyo mbele ya mwili."

Okurut akakubali, maana hilo lilikuwa kweli. Akageuka akatuona sisi na vumbi letu. "Nyinyi wa magunia, mko na mabega. Kujeni mteremshe mwenzetu kwa heshima."

Tukaenda, mimi na Bwire na wengine wawili. Tulinawa mikono kwanza kwenye ndoo ya Aguti. Mlango ukafunguliwa kutoka ndani na mama mmoja mzungu, mfupi, nywele nyeupe zimekatwa kama za mwanafunzi. Alikuwa anatabasamu. Nikasema moyoni, labda kwao hufiwa hivi. Tukainamisha vichwa. Kisha akasogea kando.

Nyuma yake, kwenye kiti, alikaa mzee mkubwa mwenye ndevu, shingo nyekundu kwa jua. Mguu wa kulia haukuwepo. Suruali ilikuwa imekunjwa juu ya mahali pa goti na kubanwa kwa pini, kama ninavyoiwazia yako. Akatutazama sisi wanne, weupe kwa saruji kama mizimu, halafu akatunyoshea mikono yote miwili.

Baba, nimebeba vitu vingi hapa duniani, lakini sijawahi kubeba kitu kilichonyosha mikono kwanza.

Bwire akarudi nyuma. "Huyu ni mzima," akasema.

"Anasema nini huyo?" wakauliza kule nje.

"Nasema mtu mwenyewe ni mzima. Ananiangalia."

Tukambeba. Ngazi ya mlangoni ilikuwa imevunjika na ardhi iko mbali, ndiyo maana alitungoja. Tulipotokeza naye mlangoni, watu wote waliokuwa kwenye honi wakanyamaza. Palikuwa kimya mpaka nikasikia kuku wa Egesa wakiparua mabati. Mzee akanyosha kidole kuelekea ile pikipiki.

Hakuna aliyeuliza. Wanaboda wenyewe wakaondoa matawi, wakafungua kamba, wakaitua. Tukamkalisha. Akaweka mguu wake wa kushoto mahali pake, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuingia mtoni, akaiwasha. Ikanguruma. Kisha akaondoka, Baba. Alizunguka uwanja wa Egesa polepole, akapita katikati ya watu waliokuja kumzika, nao wakampisha. Sikuona mtu akicheka. Mwanaboda mmoja alipiga ishara ya msalaba. Mimi ni mtu wa miaka thelathini na nane na nywele za mikono zilinisimama.

Okurut alivua helmeti akasema polepole, "Nimezika vijana wengi kwa hii kazi. Huyu ndiye wa kwanza ameshuka."

Maelezo yalikuja baadaye, kutoka kwa Vivianne, wakala wa forodha mwenye ofisi jirani na Egesa, yeye Kiingereza anakijua. Watu hawa ni mke na mume kutoka Uholanzi. Nyumba yao wanatembea nayo nchi kwa nchi, na pikipiki wanatembea nayo mgongoni mwa nyumba. Kabla ya Nambale waliingia shimo, chuma kinachobeba pikipiki kikapasuka, kikaning'inia na kuziba taa za nyuma. Mtu mmoja akawashauri vizuri kabisa: fungeni matawi ili walio nyuma waone kuna hatari, washeni taa za tahadhari, nendeni polepole hadi kwa Egesa wa Malaba. Walifanya hivyo. Wanaboda wa Nambale wakaona msiba. Busia walitaka kusimama wanywe chai, lakini wanaboda walikuwa wamewasimamishia malori na kuwafungulia njia, ikawa hakuna pa kusimama. Yule mama alifikiri ndivyo wageni wanavyokaribishwa katika kaunti hii. Kutoka Alupe hadi hapa alikuwa anapunga mkono dirishani.

Sasa Malaba nzima inamwita mzee yule Marehemu. Vivianne amemweleza maana yake. Akiitwa anaitika.

Mwanao


Maungu,
15 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Hapa mawingu yalikuja yakatutazama, yakaenda Kasigau. Mgongo wako hukuutaja.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisema umeanza pombe. Mara ya pili nilisema hata mlevi hawezi kutunga mambo ya kuku na mabati.

Hukuandika mambo ambayo mtu angetaka kujua. Mlipombeba mlimshika wapi, chini ya mapaja au kiunoni? Wale wangu walinishika kama watu wanaoogopa kuchafuka. Na kile kisiki, alikifunika kwa nguo au alikiacha watu wakione? Palikuwa na watoto? Pikipiki ikisimama anaegemea wapi? Na siku ambazo hakuna wapagazi, nani humpandisha, yule mama mfupi? Sielewi pia kwa nini mtu mwenye nyumba nzima ya magurudumu aibebe na pikipiki juu yake. Ni mzigo juu ya mzigo.

Kama bado yuko hapo, muulize kama haoni haya. Muulize kwa adabu, ni mtu mzima. Usimwambie ni mimi ninayeuliza.

Mimi niko vile vile. Kidole cha mwisho kimekuwa cheusi, lakini hakiumi, kwa hiyo usianze.

Mimi baba yako


Malaba,
Jumapili, 27 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Naanza. Kidole cha mguu wa kwanza nacho hakikuuma. Ulijikata na kipande cha chupa ukacheka, ukasema umekuwa na kwato. Nilikuwepo. Barua hii ukimaliza kuisoma, kama ni asubuhi, nenda siku hiyo hiyo.

Sasa maswali yako. Tulimshika chini ya mapaja na mgongoni, na yeye alitushika shingo, kwa hiyo ni sisi tuliobanwa. Kisiki hakukifunika. Watoto walikuwepo wengi, na mmoja alikigusa, na yule mzee akakigusa pamoja naye kana kwamba hata yeye anashangaa kukikuta hapo. Pikipiki ikisimama huegemea kushoto, kwenye mguu alionao. Breki zote anazo mkononi. Yule mama humpandisha kwa kumpa bega, kuna kiti kidogo cha kukunja hukanyaga kwanza. Inachukua muda na wanagombana. Nimewasikia.

Walikaa kwa Egesa wiki tatu, chuma kinachomelewa, mvua inanyesha, ngazi inatengenezwa. Kila jioni nilipotua gunia la mwisho nilikwenda kuwatazama. Ndani kuna jiko, kitanda, choo na rafu ya vitabu. Lakini nyumba ile haiingii kila mahali. Wakifika pahali huiegesha, wanashusha pikipiki, ndipo matembezi yanaanza. Niliwaona wakienda sokoni, mzee mbele, mama nyuma amekumbatia mkungu wa ndizi. Sokoni watu walimwita, "Marehemu, leo unanunua nini?" Akajibu kwa Kiswahili alichofundishwa na wanaboda, "Jeneza kubwa." Wauza nyanya walicheka mpaka wakakaa chini.

Hilo la mzigo juu ya mzigo, Vivianne alimuuliza yule mama kwa niaba yangu. Alijibu hivi, na nilimwomba Vivianne arudie ili nisikosee: "Kama ningembeba yeye tu, angekuwa mgonjwa ninayezunguka naye. Nikiibeba na pikipiki, yeye ni dereva aliyepumzika."

Kuhusu haya, nilimuuliza kwa adabu. Nilisema ni swali la rafiki yangu. Marehemu akauliza huyo rafiki ana umri gani. Nikasema sabini na moja. Akasema, "Basi mwambie baba yako hivi." Samahani, Baba, sijui kudanganya kwa Kiingereza cha mtu mwingine.

Alisema haya aliziona, tena miaka miwili. Alilala mchana mapazia yamefungwa, mkewe akawa anawaambia wageni amesafiri. Hakusema alizishinda. Alisema alizichoka, kama unavyomchoka mgeni asiyejua kuaga. Na habari ya kubebwa, akasema mkewe akimbeba ndipo anaona haya kidogo, maana ni mdogo na ananung'unika. "Lakini nyinyi mnabeba magunia kutwa," akasema. "Mimi ni gunia linalosema asante."

Jumatano iliyopita walivuka. Hapo mpakani mtu mmoja aliwauliza, hii pikipiki ni mzigo au ni chombo? Kama ni mzigo, mbona ina namba yake. Kama ni chombo, dereva wake yuko wapi? Watu wakaanza kubishana, maana hapa kila mtu ni mwanasheria. Bwire alisema ni mzigo. Okurut alisema ukimwita mwanaboda mzigo utalala chini. Vivianne alipomtafsiria, Marehemu aliniangalia, akanyosha mikono. Tukamshusha, tukamkalisha. Akasema dereva ndiye huyu.

Akavuka hivyo, yeye mbele kwenye pikipiki, nyumba nyuma yake na mgongo mtupu. Wanaboda wote wa hapa walimsindikiza mpaka mwisho wa upande wetu. Okurut alisema tulimleta kwa honi, hatuwezi kumtoa kimya. Mimi niliacha gunia barabarani nikaenda kutazama, msimamizi akanitukana mpaka akakohoa. Sikugeuka. Nilimtazama mzee yule akipita katikati ya malori, malori ambayo mimi huyaona makubwa, na kila dereva akitoa kichwa dirishani. Alikuwa amenyooka mgongo. Sijui nikuelezeje. Nimeona watu wenye miguu miwili wakivuka hapo mwaka mzima na hakuna aliyevuka namna ile.

Panda pikipiki ya mtu yeyote, Baba. Uende.

Mwanao


Malaba,
Jumapili, 25 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Sijui nikuulize hali au nisiulize.

Dancan alikuachia barua yangu mwanzoni mwa mwezi kwenye kioski pale barabarani, na mama wa kioski anasema ilifika kwako. Hukujibu. Wiki hii amepita tena, akachukua boda hadi nyumbani. Anasema mlango una kufuli kwa nje. Zizi halina mbuzi hata mmoja. Kwa Mghoi hakukuwa na mtu, na alikuwa na shehena, hakuweza kungoja. Nimepiga simu ya dada yangu huko Mwatate, haipatikani.

Wewe hujawahi kufunga mlango ule kwa nje. Hata ulipokuwa na miguu hukuufunga.

Nimebeba magunia leo bila kuyahisi, ndivyo nilivyojua kwamba nina hofu. Aguti anasema kilio hakingojei jina. Mimi nangoja. Yeyote atakayefungua barua hii, kama si Baba, naomba aniandikie ukweli wote, asinifiche. Nikikosa jibu Dancan akirudi, naja bila ruhusa.

Mwanao


Maungu,
4 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba, mara mbili, maana nina deni la moja. Niko hai. Nimeisoma barua yako nikaona aibu kuliko zote nilizowahi kukuandikia habari zake, kwa sababu ningeweza kumwomba muuguzi akuandikie mistari miwili na sikumwomba. Nilitaka nikuandikie mwenyewe nikiwa nyumbani. Kiburi kimehama mguu, hakijaondoka.

Barua yako ya Marehemu kuvuka ilinifika asubuhi, kama ulivyotaka. Nilikaa nayo mpaka Mghoi alipokuja na maji. Unajua pikipiki yake ina fremu ya kubebea madebe. Nikamwambia, "Shusha madebe, nipande mimi." Akanitazama. Akasema, "Mzee, fremu hii haina bima." Nikamwambia hata mimi sina. Akanipa bega. Tuligombana. Mpira anaofungia madebe alinifunga nao kiunoni.

Kuna njia ya nyuma ya soko. Nilimwambia apite sokoni.

Palikuwa vile vile. Watu walinyamaza, mmoja baada ya mwingine, kama taa za kijiji zinavyozimwa. Yule muuza kamba alikuwepo, na kofia yake. Nikamwambia Mghoi asimame mbele yake, nikamnyoshea mikono. Hakuelewa. Nikamwambia, "Nishushe, nataka ndizi." Akanishusha. Alinishika chini ya mapaja na mgongoni, vizuri kabisa, ila alisita katikati, ikabidi mimi ndiye nimpe moyo. Nikamwambia asante. Akasema, "Mzee, tulijua umekwisha." Nikamwambia nami nilijua hivyo, tulikuwa tumekosea wote. Mama mmoja akaanza kucheka, na soko likarudia kelele zake. Ndizi zilikuwa mbichi. Nilizinunua.

Kliniki walinifokea, kisha wakanipeleka hospitali ya Voi siku hiyo hiyo. Nimelala huko karibu mwezi. Wamekata vidole viwili. Mguu umebaki. Daktari, binti mdogo anayesema polepole, aliniambia kama ningekaa wiki mbili zaidi huu nao ungemfuata mwenzake, na pengine mimi ningeufuata. Sikupenda kulisikia lakini ni lako kulijua. Dada yako ndiye aliyefunga mlango na kuchukua mbuzi. Simu yake iliibwa kwenye foleni ya hospitali.

Sasa kila Alhamisi nakwenda na Mghoi kufunga kidonda. Hanipi sifa yoyote. Jana kaniambia, "Mzee, uzito wako ni madebe matatu. Tofauti ni kwamba madebe hayanifundishi kuendesha." Lakini anakata kona vibaya, nani amwambie?

Nilikukataza kuja. Nimeliondoa hilo. Njoo, mwanangu, kama watakuachia. Sikuiti kunibeba. Nina mtu wa kunibeba. Nataka kukutazama tu, na uniambie tena pale alipopita katikati ya malori, kwa mdomo wako, maana kwenye karatasi uliandika kwa haraka.

Mimi baba yako


Malaba,
Jumapili, 15 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Natumai kidonda kinakauka, na kama hakikauki uniambie hivyo hivyo.

Barua yako nilipewa nikiwa juu ya lori. Nilishuka nikaisoma nimekaa kwenye matope, sikujali. Kisha nikawasomea Bwire na Aguti. Bwire aliomba nirudie pale pa ndizi. Okurut alipita akasimama kusikiliza, akasema mtu wa namna hiyo angekuwa Malaba wangempa steji. Aguti alifuta macho, akanitazama mimi, akauliza kama Mghoi ameolewa. Nimemwambia sijui, wewe utakuwa umeshamuuliza.

Vidole viwili nimevililia kidogo. Mguu nimeushukuru sana.

Msimamizi ameniachia majuma mawili. Alisema nirudi na mgongo mpya. Dancan anapakia Alhamisi ya wiki ijayo, na tutasafiri pamoja; barua hii inatangulia na dereva mwenzake. Kitu ninachokuomba ni kimoja. Hapo Maungu barabarani, mahali malori yanapolala, patakuwa na boda wengi wakiniita, na kutoka hapo hadi nyumbani ni saa nzima kwa miguu. Sitapanda ya mtu yeyote na sitatembea. Nitakaa juu ya begi langu ningoje ile yenye fremu ya madebe.

Nitafika Jumamosi, tarehe 28 Juni, asubuhi. Njoo unichukue.

Mwanao